Baada ya Sindano

Harufu ya utomvu wa ndizi mbichi hunirudisha jikoni kwetu Murusagamba. Mama alikuwa ameanza sindano ya kila mwezi, ya kutuliza sauti zilizokuwa zikimwamuru ajitose mtoni. Hakukimbilia mtoni tena. Lakini mikono ilimtetemeka, mate yakamtoka, na ndizi ilimponyoka kila alipojaribu kuimenya. Baba alikichukua kisu taratibu, akamenya yeye.

“Lakini una nafuu sasa, mama watoto,” alisema.

Mama alijifuta mdomo kwa kitenge.

“Zote zimenyamaza,” alijibu. “Hata ya mwanangu aliyefariki. Yule hakunituma mtoni. Alikuwa ananiita mama tu.”

Baba aliendelea kumenya huku machozi yakimtoka. Mwezi uliofuata alimpeleka tena zahanati, na mama akaenda bila kukataa.