Mtafsiri wa filamu alipomtaja dada yangu

Wakuu, salaam toka Kasongo. Haya yamenipata mwenyewe. Anayedhani natunga apite tu, sitagombana naye.

Mimi ni mgonjwa wa filamu za wapelelezi. Si zile za ngumi, hizo waachieni watoto. Nazipenda hizi neo-noir za majaribio: nyeusi na nyeupe, mvua haikatiki, matukio yamepangwa kombo, na mpelelezi anamwinda serial killer, muuaji wa watu mmoja baada ya mwingine, huku mwenyewe anaharibika.

Mama hakuwa akizitazama. Tangu dada yangu Zainabu auawe kwenye njia ya Salamabila, alikokuwa akienda kuuza vitenge, mama hataki kuona damu hata ya kuku.

Dada alikuwa mwanamke wa tatu kuuawa njia ileile, kwa namna ileile. Askari walikuja, wakaangalia, wakapanda pikipiki zao. Hakuna aliyerudi hata kutuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Inaniuma mpaka leo.

Sasa, kwenye ukumbi wetu wa video hapa mtaani, lugha ya filamu haieleweki. Kwa hiyo mtafsiri anashika maikrofoni na kusimulia, na ili watu wachangamke anawapa wahusika majina ya hapahapa kwetu. Spika moja iko nje, ya kuvuta wapita njia.

Alasiri moja wakaweka mojawapo ya filamu hizo ninazozipenda, na mtafsiri alikuwa Bahati, mgeni kutoka Nyangwe. Maiti ya kwanza akaiita Asha, watu wakacheka. Ya pili Mariamu.

Ya tatu akasema, "Na huyu ni Zainabu, walimukuta njiani."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nikatamani ardhi ipasuke.

Mama alikuwa nje na beseni lake la maandazi, chini ya spika. Akaingia vilevile, mikono ina mafuta, akakaa benchi la mbele. Nilimshika mkono tutoke, akakataa.

"Baba, ni nani alimuua?" akamuuliza Bahati.

"Bado, mama. Mupelelezi iko anatafuta."

Filamu hizi mnazijua wenyewe, jibu hazina. Mpelelezi akazeeka, mke akamkimbia, mwisho amekaa peke yake ndani ya gari, mvua inanyesha. Giza. Vijana wakapiga kelele kwamba wameibiwa.

Kufikia hapo Bahati alikuwa ameshanong'onezwa habari zetu. Angeweza kuzua mwisho mwingine, ndiyo kazi yake. Akashusha maikrofoni.

"Mama, hakumupata."

"Lakini alimutafuta?"

"Alimutafuta, mama. Mupaka akazeeka."

Mama akalia kilio ambacho hakulia hata siku ya mazishi. "Wangu hakuna mutu alimutafuta," akasema.

Miaka yote nilidhani anachotaka ni jina la muuaji. Kumbe mfiwa anataka kwanza kuona kwamba yupo mtu mwingine anayekosa usingizi kwa ajili ya maiti wake. Hilo ndilo nililojifunza, wakuu, na nimelijua nimechelewa.

Mwenye filamu nyingine ya mpelelezi asiyekata tamaa, hata kama muuaji hapatikani, aitaje hapo chini. Anayeuliza ni mama.