Maziwa Hayakuambiwa

Msichana wangu alizaliwa Januari, na kufikia Machi nilikuwa hoi. Sisemi uchovu wa kusinzia ukikaa; nasema ule wa kusimama mbele ya friji, umesahau ulichofuata, ukaanza kulia. Mume wangu alikuwa anapiga shifti mbili, moja Plymouth, moja Minneapolis, na mimi kazini walikuwa wananisubiri. Wageni walikuja, tena wengi. Walikula, wakamsifu mtoto, wakaniachia vyombo.

Mama alinyimwa viza ya kuja huku ughaibuni kunisaidia. Basi wakapanga kwenye simu, yeye na mume wangu, mimi niko jikoni nasikia: mtoto apelekwe Moshi, akae na bibi yake mpaka afikie umri wa shule. Wenzetu wengi hapa wamefanya hivyo. Mimi mwenyewe nililelewa na bibi, mama akiwa kazini Dar, na sikupungukiwa kitu. Nikasema sawa. Jamani, ukichoka vile, unasema sawa kwa lolote.

Jirani yangu wa mlango wa pili, hapa Oakdale, ni Mwinuiti. Kwao ni kaskazini kabisa mwa Kanada. Naye alikuwa na kichanga, anambeba mgongoni ndani ya koti lake, kichwa kinachungulia kwenye kofia. Nilimpendea hilo, maana wengine wote huku wanasukuma vigari. Alikuwa anaingia bila hodi, ananipokonya mtoto, ananiambia, "Kalale." Na macho yake yalikuwa mekundu kuliko yangu.

Siku niliyomweleza habari za Moshi, akaniambia kuwa mtoto wake wa kwanza alimpa mama yake amlee. Kwao ni jambo la kawaida, tena la heshima, wala halifichwi. Mtoto anajua nani alimzaa. Sasa ni mkubwa, mzima, mcheshi, wanaongea kila Jumapili.

"Kwa hiyo hujutii," nikasema, nikimwomba Mungu yule jirani akubali.

"Sijutii. Mama alifurahi, mimi niliridhia, ukoo mzima uliambiwa. Maziwa tu ndiyo hayakuambiwa." Akaweka kiganja kifuani. "Yalikuja vilevile, na watu wananipongeza."

Nilimkasirikia. Kweli kabisa, kana kwamba kaja kwangu kuvunja sahani. Nani alimuuliza habari za maziwa? Alipoondoka nikafunga mlango kwa ufunguo, nikampigia mama.

"Mama, uliponipeleka kwa bibi, nilikuwa bado nanyonya?"

"Ulikuwa unanyonya."

"Maziwa uliyafanyaje?"

Nikadhani simu imekatika, nikaita haloo, haloo.

"Nilikuwa nayakamua chooni, kazini," akasema. "Nayamwaga, halafu nafungua bomba kwa nguvu, wenzangu wasinisikie nikilia." Huyu ni mama yangu, mwanamke ambaye hata msibani sijawahi kuliona chozi lake. "Miaka yote hii, mwanangu, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nikamwambia mtoto haji.

"Nimekusikia. Mumeo niachie mimi." Akavuta pumzi. "Ndiye huyo analia? Mnyonyeshe basi. Simu usikate."