Sikio la Kulia la Papa Bolamba

Kila asubuhi Papa Bolamba huzamisha kafi katika mto Lindi, na kuegemeza mpini kwenye sikio lake la kulia. Sauti za viboko hupita majini na kupanda kupitia mti wa kafi. Ndivyo anavyowafuatia kwa niaba ya watafiti wa mjini, huku mkewe, Angèle, akitazama kutoka mbele ya mtumbwi.

Tangu Pasaka sikio hilo limekufa. Hakumwambia mtu, wala hakuthubutu kubadilisha sikio mbele ya mkewe, maana nani atamwachia kiziwi kazi ya kusikiliza?

Siku ya Jumanne Papa Bolamba alisikiliza, akatikisa kichwa. "Hakuna kitu. Turudi."

Angèle alikwisha kuona masikio manne yakichezacheza kando ya majani. Hakugeuka. "Papa, weka ku sikio ya kushoto."

Akabadilisha. Mguno mzito ukamjia, kisha mwingine mwembamba: mama na mtoto.

"Ulijua tangu wakati gani?"

"Kwanza nilizania umenichoka. Nikikuita ku mukono ya kuume, hauitikake. Alors nikaona hata kiboko hauitikake. Nikatulia roho."

Jioni hiyo, walipokaa kula, Angèle alisogeza kiti chake kushoto kwa mumewe.