Mafuta ya Kondoo Kwenye Boliti

Niliisikia kabla sijaona kitu. Kla-tak. Nilikuwa nyuma ya nyumba nikigeuza kahawa juani, na sauti ikatoka sebuleni kama meno yanayogongana. Bunduki yetu niliijua kwa boliti yake, kile chuma kinachovutwa kwa mkono kuingiza risasi. Mlio wake ulikuwa mzito, wa kukohoa. Huu ulikuwa mwepesi, mkavu.

Nilipoingia, baba alikuwa amekaa na bunduki mapajani. Baba mdogo alisimama mbele yake, vumbi la njia ya Ngaramtoni bado miguuni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa umsaidie baba yako kusikiliza. Anasema bunduki imebadilika sauti, kama kijana aliyebaleghe."

Baba hakucheka.

Ilikuwa bunduki ya Mjerumani, ya vita ile ya kwanza. Mgiriki aliyemwajiri baba alimwachia alipouza shamba na kuondoka, na boma la Mwingereza likampa kibali baada ya kumzungusha sana. Aliyeitumia zaidi ni baba mdogo, kulinda shamba letu la juu, mpakani mwa msitu, nguruwe pori na nyani wasilivune kabla yetu. Baba alikuwa amemwahidi kwamba baada ya mavuno hayo shamba lile litakuwa lake. Baba mdogo alishaanza kulizungushia masale, mpaka wetu wa jadi. Springi ya boliti ilipolegea, yeye ndiye aliyeipeleka mjini kwa fundi Kalasinga, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi nayo.

Baba akatandika gunia la kahawa mezani, akaanza kuifungua. Mgiriki alikuwa amemwonyesha jambo moja: sehemu za bunduki zilizozaliwa pamoja hugongwa namba moja, na vile vyuma vidogo hupewa tarakimu zake mbili za mwisho. Baba alilipenda jambo hilo kwa sababu alilijua tayari. Ndivyo alivyotambua mbuzi wake kwenye kundi la watu, kwa mkato wa sikio. Kwa miaka yote hiyo, hata hivyo, hakuwahi kutazama zaidi ya namba ya ubavuni, ile iliyoandikwa kwenye kibali. Nani hukagua masikio ya mbuzi aliye zizini mwake?

"Soma," aliniambia. "Macho yako ni mapya."

Ubavuni, arobaini na saba mwishoni. Mtutu, arobaini na saba. Hivyo aliviweka kulia. Kisha nikageuza boliti kwenye mwanga wa dirisha.

"Themanini na mbili."

"Soma tena."

"Themanini na mbili, baba."

Akaiweka kushoto, polepole. Kilengeo cha nyuma kilikuwa na namba nyingine kabisa. Skrubu moja haikuwa na namba. Upande wa kushoto ulijaa, na kila chuma kilichotua pale baba alimtazama mdogo wake, siyo chuma.

"Imetoka hapa na watoto wake," alisema. "Imerudi na watoto wa watu."

"Kaka, mimi nimepeleka springi. Springi peke yake."

"Ulikaa pale fundi akifungua?"

"Nilikwenda kunywa chai."

"Chai."

"Basi nikague na mimi masikio! Pengine nimebadilishwa huko mjini, aliyerudi siye mimi."

Mama alikuwa ameleta ndizi za kupika na nyama, akaziweka kwenye kigoda. "Shemeji, ule kwanza," alisema. Hakuna aliyeigusa sahani. Ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka hadi migombani, na sebule ikawa na rangi ya maji ya majivu.

Mimi nilikuwa bado natazama boliti. Mikwaruzo ya ile namba ilijaa kitu cha kahawia, kigumu kama nta. Nikatoa pini nyweleni mwangu, nikachokoa, nikanusa. Kila bunduki iliporudi kutoka msituni na damu, baba aliipaka mafuta ya mkia wa kondoo. Bibi alikuwa akipaka hivyo mikuki ya babu. Baba, mzee wa kanisa, alisema ni kwa ajili ya kutu. Mafuta yale yalikuwa yameingia kwenye tarakimu, tabaka juu ya tabaka, na kukauka humo. Hakuna fundi angeweza kuyajaza hivyo kwa siku chache. Boliti ile ilikuwa yetu tangu kwa Mgiriki. Vita ndiyo iliyoichanganya bunduki, askari wakichukua boliti ya aliyekufa kuponya mtutu wa aliye hai. Wepesi wa sauti ulikuwa wa springi mpya, basi.

"Baba, nusa."

Mama alinusa kwanza. "Hayo ni ya kondoo wetu," alisema. "Na ni ya zamani."

Baba mdogo alivuta pumzi, akasogea hatua moja mezani. Uso wake ulikuwa umeanza kufunguka.

Baba aliishikilia boliti puani kwa muda mrefu, macho ameyafumba. Alipoyafumbua hakumtazama mdogo wake. Kisha akairudisha palepale kushoto.

"Mjini pia kuna kondoo," alisema. "Habari ya shamba tutaongea."

Baba mdogo aliokota kofia yake. "Chakula kisipoe, shemeji," alimwambia mama, kwa upole kabisa. Alitoka, na mlango akaufunga taratibu nyuma yake, kama mtu anayefunga nyumba yenye mgonjwa.