Mzani au mizani? Lock mbili zilizotaka kutufukuzisha kiwandani

Wakuu, salaam. Hii sijasimuliwa, imenikuta mwenyewe hapa Singida. Mwenye kubisha abishe nikimaliza.

Mimi na jamaa yangu Swalehe tuliandika programu ya kupimia alizeti kwenye kiwanda kidogo cha mafuta cha Mama Zuhura. Msimu ukaanza, programu ikawa inaganda. Haitoi error, haijifungi, imekaa tu. Wakulima na magunia yao foleni mpaka barabarani.

Mama Zuhura akaniita. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, Jumamosi ikinikuta hivi narudi kwenye daftari, na nyie mwende na kompyuta yenu."

Iliniuma. Nikasema siondoki hapa kwa aibu.

Nilijua ni deadlock: thread mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda sambamba ndani ya programu, kila moja imeshika lock (kufuli) inayotakiwa na mwenzake, zinasubiriana. Tulisoma code mara tatu, hatukuona kitu.

Sasa kernel ya Linux, kile kiini cha mfumo wenyewe, ina kitu kinaitwa lockdep. Kinakumbuka lock zinashikwa kwa mpangilio gani, na mpangilio ukigeuka kinapiga kelele hata kabla mambo hayajaganda. Shida, kinaishi ndani ya kernel. Programu za kawaida kama yetu hakizijui.

Nikaamua kukihamisha kije kwenye programu yetu. (Swalehe alicheka mpaka akakaa chini.)

Siku tatu wakuu. Nakata kinachotegemea kernel, naweka cha kwangu. Kernel inajua muda wote ni kazi ipi inaendelea, huku nje ilibidi kila thread niitengenezee kumbukumbu yake. Mara haicompile, mara inakufa yenyewe. Nikaitukana, nikarudi kukaa.

Ijumaa mchana ikakubali. Ikaandika: mzani kisha mizani. Chini yake: mizani kisha mzani.

Nikadhani imechanganyikiwa. Lock ya kipimo si ni moja?

Swalehe akasogea. "Hiyo mizani ni yangu."

"Na mzani?"

"Si wako, mtu wa Kinampanda!"

Kwao Swalehe wana asili ya pwani, anasema mizani. Mimi wa Kinampanda, huko Iramba, ni mzani tangu utoto. Kila mtu aliunda lock yake kwa kipimo kilekile, function zetu zinaitana, na macho yetu yalikuwa yanasoma neno moja.

Tukabakiza moja, inashikwa sehemu moja tu.

Jumamosi foleni ikasogea. Mama Zuhura akauliza kosa lilikuwa nini, nikamweleza.

"Kwa hiyo mlikuwa mnabishania neno humo ndani, wakulima wangu wako juani?"

"Ndiyo, mama."

"Na limebaki la nani?"

"La Swalehe."

Nilichojifunza: kubalianeni majina kabla ya kuandika code, na msiogope code ya kernel, imeandikwa na watu.

Ila watu wa Iramba mlioko humu, njooni mnitetee. Mzani ni kosa?