Asali Iliyokaa na Dawa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba asali si sukari. Tena sikuamini kimya kimya, niliwahubiria watu.

Dada yangu anauza vitunguu Issuna, na binti yake alibaki Iguguno kwangu na kwa mama tangu alipoachishwa ziwa. Mambo ya lishe nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, na kwa kuwa naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa njaa, mtoto alikula kwa sheria: uji wa ulezi wenye maziwa, dagaa wa kusaga, mlenda, mchicha. Pipi marufuku. Majirani waliowanunulia watoto wao soda na biskuti niliwaona wajinga wasiofundishika. Nikiwakuta dukani nilisonya, nikihakikisha wamesikia.

Asali yetu ilitoka Rungwa ndani ya dumu la njano. Kwetu asali haikai jikoni na sukari. Inakaa chumbani kwa mama, pamoja na vidonge vya kichwa na chupa ya mwarobaini. Anayekohoa anaramba, mwenye kidonda anapakwa. Na kila usiku mtoto alipokataa kulala, nilimpa chupa ya uji mwepesi wenye asali, akasinzia nayo mdomoni. Nikajiona bingwa.

Meno yake ya mbele yakaanza kuwa na mabaka meupe karibu na ufizi, kama chaki. Yakageuka kahawia. Moja likameguka akila kiazi cha kuchemsha.

"Ni ya utoto hayo," mama akasema. "Yataota mengine."

Jibu la kivivu, na mimi niliyekuwa napima hadi chumvi nikalipokea kwa furaha, kwa sababu lilinisafisha. Mtoto akaacha kutafuna, kisha akaacha kula kabisa. Akawa analia akiona kijiko tu. Nguo zilipoanza kumpwaya ndipo nikambeba hospitali.

Daktari wa meno alikuwa dada mwenye ulimi mkali. Akaniuliza mtoto anakula nini, nikamwaga hotuba yangu yote ya maziwa na dagaa.

"Na vitamu?"

"Hajawahi kuonja hata pipi."

"Akienda kulala?"

"Uji tu, kwa chupa. Na asali kidogo, ile ya dawa."

Akashusha kioo chake. "Kaka, umemlaza mtoto na mzinga mdomoni."

Akanieleza kwamba maziwa na dagaa vinasaidia kujenga meno, lakini bakteria wa mdomoni hawaulizi sukari imetoka kwa nyuki au kiwandani. Wanaigeuza kuwa tindikali inayokula jino, na mtu akilala mate hupungua, basi hakuna cha kuisuuza. Meno mawili yalishaoza hadi ndani. Yakiachwa, usaha ungeweza kuharibu hata yale yanayojiandaa chini ya ufizi.

Nikamshika mikono aking'olewa. "Mjomba, mwambie aache!" Sikumwambia.

Nyumbani mama hakukubali. "Asali ioze meno? Basi nyuki wote wana mapengo!"

Jirani yetu, mama wa biskuti na soda, akachungulia uani. "Mtaalamu, shikilia hapo hapo. Wa kwangu bado anatafuna mua."

Bado namdharau kwa soda zake, na meno ya mwanawe yatamjibu yeye mwenyewe. Lakini dharau yangu kubwa naiweka kwangu mwenyewe, yule kijana wa simu aliyejua majina ya vitamini zote na hakujua kilichomo ndani ya dumu chumbani kwa mama yake.

Siku hizi mtoto anakunywa uji kwa kikombe, bila asali, kabla ya mswaki wa jioni. Baada ya mswaki anapata maji tu. Ana pengo mbele, na anakula.