Hedifoni Nyeusi na Nta ya Nyuki

Nyumba ya baba yangu pale Isevya, mjini Tabora, haikuwa na dari. Kuta za vyumba zilikoma chini kidogo ya bati, na juu yake sauti zilipita bila kubisha hodi. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha uani alijua ni nani na kama amepona mafua. Baba alikuwa fundi wa magodoro, mtu wa msikitini, mpole, asiyependa makelele. Hakuwahi kunikataza muziki wangu. Alikohoa tu, mara moja, nami nikapunguza sauti.

Muziki wangu ulikuwa roki. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa na foleni za sukari, kijana aliyesoma sekondari na kuajiriwa karani wa mizigo stesheni ya reli alitarajiwa kuwa na akili zaidi ya hapo. Magitaa yale ya umeme yalihesabiwa kuwa kasumba. Mimi niliyapenda hivyo hivyo. Niliyanasa kutoka redio za nje, masafa mafupi, nikayarekodi kwenye kaseti pamoja na mikwaruzo na upepo wake wote.

Mke wangu alitoka kijiji kimoja cha Nzega, kwa wakulima wenye ng'ombe wachache. Nilipomuoa nilidhani muziki ule ungemkimbiza chumbani. Jumapili ya kwanza aliuliza kwa nini nausikiliza kama mwizi. Nikamweleza habari ya baba. Akavuta mkeka, akaweka redio kaseti juu ya kigoda, akalaza sikio lake upande mmoja wa spika na kunionyesha kwa kidole nilaze la kwangu upande wa pili. Tukawa tunasikiliza hivyo kila Jumapili alasiri, vichwa vyetu vikikaribia kugusana, sauti ndogo kama ya mbu.

Yeye alipenda ngoma. Magitaa aliniachia. Akichambua mchele aliuweka ungo mapajani na kugonga ukingo wake kwa vidole, akimfuata mpigaji mpaka mwisho wa wimbo.

"Huyu amefundishwa na watu wa kwetu," alisema.

"Huyu ni Mwingereza."

"Basi alipita Nzega."

Karibu na soko alikuwapo fundi redio, Mzaramo aliyekuja na treni na kukataa kurudi pwani. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani tangu kabla hatujazaliwa. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka huku kwenda pwani wakipita kwa babu zake, na utani ulianzia njiani humo. Mtani hukutukana mbele ya wakwe, huchukua kofia yako na kuondoka nayo, nawe ukikasirika umejiaibisha mwenyewe. Siku moja alinitumia salamu kwamba bwana mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba amemwachia hedifoni mbili za hali ya juu, nami nikitaka moja niwahi.

Nilipomwambia mke wangu, aliacha ungo.

"Na mimi nitasikia?"

"Utasikia."

"Pamoja? Kama hivi?"

"Pamoja," nikasema, wakati hata sijaziona.

Nilikwenda na kaseti yangu niliyoijua kuliko sala zangu, Mungu anisamehe. Fundi alikuwa amefungua tumbo la redio ya mtu.

"Karibu, mpagazi. Leo umebeba nini?"

"Nimekuja kuona kama zile nazi mbovu mlizotuuzia zimeisha."

"Zimeisha. Mlizila zote na vifuu vyake."

Akazitoa hedifoni na kuziweka mezani. Za kwanza zilikuwa nyeusi na nzito, zenye mito ya ngozi iliyojaa, na migongo yake imezibwa kabisa, migumu kama vifuu. Za pili zilikuwa nyepesi, na migongo yake ilikuwa wavu, kama chujio la chai. Nilivaa nyeusi kwanza. Soko likatoweka. Besi ilinipiga mahali ambapo sikujua besi inaweza kufika, hapa chini ya koo, na ngoma ya miguu, ile kubwa inayopigwa kwa kukanyaga, ikaja kama mtu anayetwanga chumba cha pili. Nikabadili. Zile za wavu hazikuwa na kishindo hicho, lakini magitaa mawili niliyodhani siku zote ni moja yaliachana, moja likasimama kushoto na jingine kulia, na matoazi yakalia kama matoazi badala ya kukaanga kama mafuta ya moto. Ila kelele za soko ziliingia, na fundi, aliyesimama upande wa pili wa meza, alikuwa anatikisa kichwa kwa mapigo yale yale. Alikuwa anasikia.

Nilivaa, nikavua, nikavaa tena. Nilijiambia kwamba roki ni besi na ngoma, kwamba kifaa kinachovujisha sauti hakijakamilika, kwamba baba atakohoa. Hilo la baba lilikuwa uongo. Sauti ile ya wavu isingepita juu ya ukuta. Ingetosha mtu aliyekaa kwenye mkeka mmoja nami, basi.

"Chukua za chujio," fundi akasema.

"Unataka kubaki na nzuri."

"Hizo nyeusi ni za bwana asiye na mke. Ukizivaa nyumbani kwako utakuwa mjane hali shemeji yuko hai."

Nikacheka sana. "Mzaramo akisema kweli, reli itachipua majani."

"Mtani, leo sikutanii."

Hayo nayo niliyaweka kwenye utani. Kwa watani, hakuna maneno mengine ya kusemea ukweli isipokuwa yale yale ya matusi, na ni juu ya msikilizaji kuuokota. Mimi sikuuokota. Nilimpa debe la asali na suruali ambayo ilikuwa bado mpya, nikarudi Isevya na nyeusi.

Siku ya kwanza nilimvisha mke wangu. Macho yakamtoka.

"Kuna watu humu ndani," akasema kwa sauti kubwa, maana hakuisikia sauti yake mwenyewe. Baba akakohoa. Tukacheka mpaka tukafunikana midomo. Kisha nikazichukua, akakaa na ungo wake akisubiri, vidole vikiwa tayari ukingoni. Nilianza wimbo. Vidole vikabaki pale pale.

"Mimi sisikii kitu," alisema. Nilijua amesema hivyo kwa kuangalia midomo.

"Nitakupa wimbo ujao."

Nilimpa wimbo uliofuata, na Jumapili iliyofuata nikampa mmoja. Baadaye nilikuwa namuuliza kama anataka, kwa namna ya mtu anayetaka ajibiwe hapana, naye akajibu hapana. Aliniongelesha mwanzoni. Kisha akawa anaongea na mama yangu uani, na sisi chumbani tukawa na amani kubwa mno. Sauti nayo nilikuwa naipandisha kidogo kidogo.

Mvua za kwanza zilikuta ameanika mpunga uliotoka kwa mama yake. Aliita. Aliniita mara ya pili, na jirani alinieleza baadaye kwamba hata yeye, nyumba ya nne, aliitika. Mimi nilikuwa na Waingereza wangu. Fundi alikuwa anapita na baiskeli. Akaitupa, akavuta jamvi upande mmoja, mke wangu upande mwingine, wakaokoa nusu. Halafu aliingia chumbani akiwa amelowa chapachapa, akanivua hedifoni kichwani taratibu, kama mtu anayemvua mtoto kofia.

"Nimeziteka," akasema. "Mpagazi asiyesikia mvua hafiki pwani."

Mlangoni alisimama mke wangu na punje za mpunga mikononi hadi kwenye viwiko. Ningeweza kumkasirikia mwingine yeyote, lakini yule alikuwa mtani. Nikatabasamu kwa shida, naye akaondoka na hedifoni kifuani, chini ya shati.

Alipozirudisha alikuwa ametoboa migongo yake. Matundu madogo, mengi, yamepangwa vizuri kama ya pilipilimanga kwenye kikopo chake. Nilivaa: besi ilikuwa imekonda, ngoma ya miguu imeenda mbali. Nilihisi kama nimepigwa.

"Umeniharibia."

"Nimekutobolea dirisha. Shemeji, njoo."

Mke wangu akaketi kwenye mkeka, kwa mashaka. Akainamisha kichwa. Kidole kimoja kikagonga ungo, kisha cha pili.

"Nasikia," akasema.

Wiki ile ile nilinunua nta ya nyuki, ambayo Tabora haijawahi kuadimika hata sukari ilipoadimika, nikaiyeyusha kwenye kijiko juu ya jiko la mke wangu mwenyewe na kuziba matundu yote, moja baada ya jingine. Alinikuta nikisawazisha kwa kisu. Alisubiri nimalize, akachukua kisu, akakifuta nta, akaenda kukatia vitunguu. Besi ilirudi yote.

Nimefanya makosa mengine maishani, mengine makubwa mbele ya watu kuliko hilo. Lakini hakuna ninalolikumbuka na harufu yake isipokuwa hilo.

Tulikaa hivyo karibu mwaka mzima. Ningependa kuandika kwamba siku moja niliitoa nta ile kwa mkono wangu, kwa kuwa nilimtazama na kuelewa. Sivyo ilivyokuwa. Ulifika ule mwezi wa joto kabla ya mvua, bati la Isevya likawa kikaango, na Jumapili moja nimelala chali na wimbo mrefu nikahisi kitu kinanitiririka shingoni. Nilidhani ni jasho. Nikapangusa, kikanata. Nta ilikuwa inashuka masikioni, inaingia kwenye nywele, inaingia kwenye kola ya shati la kazini. Niliketi ghafla, na kupitia matundu yaliyofunguka nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu mvua za mwaka uliotangulia: mke wangu anacheka. Alikuwa kizingitini na ungo, anacheka hadi ameshika mlango.

"Mzinga," alisema alipoweza. "Nimeolewa na mzinga."

Baba alikohoa. Kisha, kutoka chumba cha mbele, naye tukamsikia akicheka.

Mke wangu alinitoa nta kwenye nywele kwa mafuta ya taa na kitana, bila haraka, na kaseti ilikuwa bado inazunguka. Hedifoni zilikuwa mkekani, kati yetu. Akiwa amenishika kichwa, nikahisi vidole vyake vinafuata ngoma kwenye fuvu langu. Sikuyaziba tena matundu yale. Fundi aliposikia habari alikuja kudai heshima zake, nikampa chai na matusi, akaridhika.

Siku hizi sikio langu la kushoto limekufa na la kulia linasinzia. Daktari wa hospitali ya Kitete aliniuliza kama nilifanya kazi kwenye mashine, nikamjibu kwamba nilikuwa stesheni, akaandika treni. Sikumsahihisha. Hedifoni zipo, ngozi imebanduka, na kwenye matundu mawili matatu bado kuna nta ngumu iliyogeuka rangi ya chai.

Anayesikia sasa ni mke wangu. Jumapili alasiri hukaa kando yangu, na wimbo ninaoujua ukipigwa hunigongea ngoma yake kwenye goti, tangu mwanzo hadi mwisho. Mara nyingine hukosea makusudi, kuona kama nitatambua.

Natambua.